Wageni wa Demani katika Mlango wa Sabaki

 

Jumamosi iliyopita wazazi waliowaleta watoto wao darasani asubuhi waliukuta mlango wetu umefungwa. Tunawataka radhi. Tulikuwa kando ya mto Sabaki tukitazama ndege. Tunajua ya kwamba baadhi ya wasomaji watatabasamu kwa kusikia hivyo, kwani hata mama watoto alitabasamu alipoambiwa, kisha akauliza ni ndege gani hao wasioonekana juu ya mwarobaini wa nyumbani hata wafuatwe kwa nauli. Mwishowe alikuja, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali kurudi.

Wazee wetu waliuhesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi, tangu siku ya Nairuzi. Nahodha na mkulima wote wawili walijua ni katika mwongo gani kusi hulegea, bahari ikatulia, na vyombo vikaanza kutengenezwa kwa safari. Msimu huo ndio demani. Ndani ya demani hiyo hiyo, kabla kaskazi haijaanza kuvuma, huwasili pwani yetu wageni wasio na jahazi wala pasi. Huko Ulaya na Asia ya kaskazini majira ya joto yanakuwa yamekwisha, ardhi inakaribia kuganda, nao ndege kwa maelfu huelekea kusini kutafuta riziki. Wengi wao hushukia katika matope ya mlango wa Sabaki, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi.

Tulikuwa watu 11: sisi, mama watoto, dada yetu na binti zake wawili, wajukuu watatu, wanafunzi wawili wa madrasa, na jirani yetu mmoja, mama wa makamo, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa hakuomba kuandikwa. Huyu jirani hakuja kwa ajili ya ndege. Mama watoto alimshawishi tu atoke nyumbani, apungwe na upepo. Binti yake yuko ng'ambo ya bahari, upande wa Arabuni, kwa kazi za nyumbani, na huu ni mwaka wake wa pili. Simu zake zilikuwa za kila Ijumaa. Tangu mfungo mosi zimekuwa chache.

Tuliichagua siku kwa kuutazama mwezi, na hapa tunaomba wasomaji watege sikio, maana ndipo safari nyingi huharibika. Ndege hawa hufuata maji. Maji yakipwa, hutawanyika mbali juu ya tope pana na mtu huona vidoa tu. Maji yakijaa nusu, husukumwa kuja ukingoni, karibu na mtazamaji. Mtu akienda siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, atakuta maji yanakimbia kurudi baharini asubuhi yote hadi karibu saa nne. Sisi tulikwenda mwezi tisa, siku za maji mafu. Maji yalikuwa yamekwisha kupwa kabla ya adhana ya alfajiri, na yalikuwa yajae karibu saa tano. Tuliswali, tukafunga mahamri na chupa mbili za chai, tukapanda tuktuk tatu. Jua lilipochomoza tulikuwa juu ya daraja.

Simama kidogo juu ya daraja hilo, ewe msomaji, ukipata nafasi. Maji yaliyo chini yako ni mekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani. Mto huu ni wa pili kwa urefu katika Kenya baada ya Tana. Huanza katika nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, hupita Ukambani, hukutana na mto Tsavo ukaitwa Galana, na sisi watu wa pwani tukiupokea mwisho wake tunauita Sabaki. Ni safari ya karibu kilomita 390. Rangi yake ni udongo wa mashamba ya watu. Kila mvua kubwa ya bara inaposhuka, ardhi ya mkulima fulani aliye mbali hupita chini ya daraja hili, huingia baharini na kuipaka ghuba ya Malindi wekundu. Ufuo wa Malindi wenyewe umesogea mbele kwa sababu ya mchanga huo. Mtu wa umri wetu anakumbuka maji yalipokuwa yakifika pahala ambapo leo watoto wanacheza mpira. Matumbawe hayaupendi udongo huo, wala wavuvi hawaupendi. Lakini tope lile lile ndilo meza waliyoandikiwa wageni tuliowafuata, kwa kuwa limejaa minyoo, konokono na kaa wadogo wasiohesabika.

Baada ya daraja tulishika njia ya mkono wa kulia kupitia kijiji cha Sabaki. Kijana mmoja wa kijiji, Mgiriama, alitungoja kwa ahadi. Yeye na wenzake huwaongoza wageni, na kila Januari hushiriki hesabu ya ndege wa majini ambayo hufanywa mwezi huo katika nchi nyingi za dunia. Alikuwa na darubini moja nzuri na kitabu kilichochakaa. Alitusalimu, "Shikamoo shekhe," akawatazama akina mama viatuni mwao, akasema kwa adabu kwamba viatu vya visigino vitabaki kwake nyumbani. Vikabaki.

Njia inapita kwanza kati ya mashamba ya mahindi na minazi, kisha inashuka kwenye mikoko. Hapo watoto walianza kupiga kelele na kijana akawaonyesha mahali ambapo nyasi zimelazwa na tope limekanyagwa na miguu mipana. Viboko. Walikuwa wamerudi majini kabla hatujafika. Mamba pia wamo, na wanawake wa vijiji vya hapa huteka maji kwenye mto huu wakilijua hilo. Kelele zilikoma. Tunapendekeza kwa kila mzazi asiende bila kijana wa kijiji, wala asimwache mtoto akaribie ukingo wa mto peke yake.

Mikoko ikakatika ghafla, na mbele yetu pakawa na uwanda wa tope unaong'aa, mchanga, na nyuma yake mstari mweupe wa mawimbi. Mwanzoni hatukuona kitu. Tulipewa darubini, tukaitazamia upande usio wake, tukaona miguu yetu wenyewe ikiwa mbali sana. Wajukuu walicheka mpaka kijana akawaomba wanyamaze. Kisha tukaigeuza, na lile tope tulilodhani ni tupu likawa linatembea.

Walikuwa mamia. Vitwitwi wa kila kimo, wengine wakikimbia na kusimama ghafla kama watoto wanaocheza kujificha, wengine wakidunga tope kwa midomo bila kuinua vichwa, kama cherehani. Sululu warefu, midomo yao imepinda chini, wakitembea kwa utulivu wa watu wazima. Buabua na shakwe wamejipanga safu juu ya ukingo wa mchanga, wote wameelekea upepo. Mbali zaidi palikuwa na kundi la heroe, ambao msomaji anawajua kwa rangi yao. Watoto waliwapenda hao kuliko wote, nasi hatukuwalaumu, ingawa heroe si wageni wa mbali kama wale wadogo.

Kijana alitutajia asili yao mmoja mmoja. Yule kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo na tumbo lenye mabaki ya wekundu wa matofali huzaliwa Siberia, nchi ya Urusi, katika pwani ya bahari ya barafu. Toka huko hadi Sabaki ni zaidi ya kilomita 8,000 kwa mstari ulionyooka, na ndege hana mstari ulionyooka. Uzito wake ni kama gramu 60. Yule mdogo kuliko wote, anayekimbia kati ya miguu ya wenzake, hafiki hata gramu 30. Dada yetu alilipima hamri mkononi mwake akasema hamri ni zito zaidi, na kijana akakubali. Kabla ya safari hula mpaka mafuta yajae chini ya ngozi, na mafuta hayo ndiyo kuni za njiani.

Huko wanakozaliwa jua halizami kwa majuma kadhaa ya kiangazi. Mwanafunzi wetu mmoja aliuliza papo hapo watu wa huko huswali vipi Magharibi. Tulimjibu kwa ufupi kwamba mafakihi wamelizungumza hilo, na wako waliosema wakadirie nyakati kwa mji wa karibu ulio na usiku na mchana. Tulifurahi kwa swali lake kuliko tulivyomwonyesha.

Jambo jingine tulilojifunza ni kwamba uwanda huu una wageni wa pande mbili. Wakati wa kusi huja hapa ndege wanaotoka Bukini, wenye mbawa ndefu kama za mbayuwayu, hupumzika kwa makundi makubwa, na demani ikiingia hurejea kisiwani kwao. Kwa hiyo kuna majuma machache ambapo wa kusini hawajamaliza kuondoka na wa kaskazini wamekwisha kuanza kuingia. Tuliwaona kama 40 waliobaki, wamelala juu ya mchanga, rangi yao na ya mchanga ni moja, hata mjukuu wetu nusura awakanyage.

Mjukuu huyo, mwenye miaka tisa, ndiye aliyetuuliza, "Babu, tukimtega mmoja tu, tumshike kisha tumwachilie?"

Hapakuwa na namna ya kulikwepa swali hilo. Tulipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, sisi na wenzetu tulikuwa tukija ufuoni msimu kama huu na matanzi ya uzi wa nailoni. Tuliyafukia juu juu kwenye mchanga na kungoja. Nyama ya kitwitwi haijazi kiganja, kwa hiyo si njaa iliyotuleta. Tuliwafunga mguu kwa uzi mrefu, tukawaacha waruke, kisha tukawavuta chini. Mchezo ulikuwa huo. Siku moja maalim wetu, Mungu amrehemu, alitukuta. Hakutupiga. Alituamuru tufungue uzi, tumweke ndege chini, tukae hapo mpaka asimame. Tulikaa hadi adhuhuri. Hakusimama. Maalim naye alikaa pamoja nasi juani muda wote huo, na aliponyanyuka hakusema neno mpaka tulipofika mjini.

Miaka mingi baadaye, katika kusoma, tulikutana na mambo ambayo maalim bila shaka alikuwa nayo kichwani siku ile. Hadithi ya mtoto Abu Umayr aliyekuwa na kidege chake, na Mtume (S.A.W.) akamfanyia bashasha kwa kumuuliza habari zake, inajulikana na kila mama anayesoma ukurasa huu. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliitungia hadithi hiyo fupi kijitabu kizima na kutoa ndani yake faida zipatazo 60. Wanazuoni wameichukua kuwa dalili ya kwamba mtoto anaweza kuwa na ndege wa kuchezea, na wakaweka sharti: asimwadhibu. Iko pia ile ya sahaba waliochukua makinda, na mama yao akaja akipapatika juu yao, wakaamrishwa wayarudishe. Na ad-Damiri, Mshafi wa Misri aliyefariki mwaka 1405, ambaye kabla ya elimu alikuwa fundi cherehani, aliwapanga wanyama wote kwa herufi katika kitabu chake kikubwa, na chini ya kila jina akaeleza lugha, habari zake na hukumu ya kuliwa kwake. Katika jambo la ndege, mtu wa dini hana udhuru wa kusema hakufundishwa.

Tulimhadithia mjukuu habari ya lile tanzi, mbele ya wanafunzi wetu, wala hatukuipunguza. Akauliza, "Kwa hiyo yule ndege alikufa?" Tukamwambia ndiyo. Akaitoa ile kamba ya kiatu aliyokuwa amekwisha kuifungua, akaanza kuifunga tena kiatuni.

Maji yalizidi kujaa na ndege wakazidi kusogea. Tulitandika leso juu ya kichuguu cha mchanga, tukanywa chai. Hapo kijana alitueleza desturi ya yule kitwitwi wa Siberia. Dume huondoka kwanza, mara tu baada ya mayai, akamwachia jike kuatamia na kulea. Akina mama walitazamana. "Hata huko," alisema dada yetu, na kicheko chao kiliwafanya shakwe wageuze vichwa. Sisi tulijishughulisha na kumimina chai. Kijana alingoja, kisha akaendelea: jike naye, watoto wakisha kuweza kujitafutia chakula, huondoka. Makinda hubaki, hunenepa kwa majuma machache, kisha huanza safari yao peke yao, bila ya mzazi hata mmoja wa kuwaonyesha njia ambayo hawajapata kuipita.

Jirani yetu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya maneno ya kupokea kikombe, akamwuliza, "Watoto hao, ni nani aliyewaambia pa kwenda?"

Kijana alisema kwamba wataalamu wameona ndege huongozwa na jua, na nyota usiku, na hata nguvu ya sumaku ya ardhi, na kwamba mwelekeo wa safari umo ndani yao tangu kuzaliwa. Jirani akatikisa kichwa kukubali. Tulikuwa tayari kuongeza la kwetu, kwa kuwa Suratul Mulk inatuelekeza moja kwa moja kuwatazama ndege juu ya vichwa vyetu na kufikiri ni nani anayewashikilia hewani. Lakini alikuwa na swali jingine.

"Na wote hufika?"

Kijana alitutazama sisi kwanza, kama anayeomba ruhusa. Kisha akasema, "La, mama. Wa mwaka wa kwanza wengi hawafiki."

Hakuna aliyesema kitu. Lile tuliloliandaa kuhusu Suratul Mulk tulilimeza. Liko neno ambalo ni la kweli na pahala pake bado hapajafika, na sisi tunaofundisha watu husahau hilo mara nyingi. Mama watoto alisogea akakaa karibu naye, bega kwa bega, wakashika darubini kwa zamu. Kijana, Mungu amlipe, akawaelekeza kwenye kitwitwi mmoja aliye kando ya wenzake, manyoya ya mgongo yamepangika kama magamba mapya, kifua cha rangi ya mchanga wa njano bila doa la wekundu. Huo ndio mtoto, alisema. Amezaliwa mwaka huu, mwezi wa saba alikuwa yai au kinda. Alikuwa akila. Jirani alimtazama kwa muda mrefu sana hata watoto waliokuwa wakingoja zamu wakachoka, wakaenda kutafuta kaa.

Tuliporudi njia ya mikokoni, keremkerem wawili walipita juu yetu. Kijana alisema wale wekundu hasa, wanaotoka kaskazini na kulala usiku katika mikoko ya pwani, watakuwa wengi mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili hupita kozi wadogo wanaotoka Asia ya mashariki, ambao huivuka Bahari ya Hindi kutoka Bara Hindi, zaidi ya kilomita 3,000 juu ya maji. Tumeandika tarehe, inshallah.

Tuliona pia ambayo hatukupenda. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, na kwa kweli imepungua, lakini chupa zinazoletwa na mto zimejaa chini ya mikoko kama mavuno. Vigingi vya viwanja vimechomekwa hadi karibu na mchanga. Mchanga wenyewe tuliona unachotwa. Mama mmoja wa kijiji tuliyempita akiwa na mtungi alituambia kwamba wageni wa ndege wakija hununua madafu na chakula kwake, nao mto ukichafuka ni yeye anayeumwa tumbo. Wajukuu walijaza magunia mawili ya chupa kabla ya kufika darajani. Bado chupa hazikuonekana kupungua.

Kijijini, tulipokuwa tukirudishiwa viatu, jirani yetu alimwuliza kijana ndege hao hurudi kwao lini.

"Mwezi wa nne, mama, mwishoni. Kabla ya kusi kukaza. Wengine wa mwaka wa kwanza hawarudi mwaka huo. Hubaki hapa mpaka mwaka wa pili."

Alihesabu kwa vidole vyake, kimya, akaanza tena tangu kidole cha kwanza. Hakutuambia anahesabu nini. Tuliswali adhuhuri msikitini mjini, na alasiri mama watoto akaenda kukaa naye.

Kwa wanaotaka kwenda: mwezi tisa na mwezi kumi wa mwandamo ujao maji yatakuwa kama tulivyoeleza. Tokeni mara baada ya alfajiri, bebeni maji ya kunywa, vaeni viatu vya kufunga au ndala, na mwekeni kijana wa kijiji ahadi tangu siku ya pili yake. Darubini tumeahidiwa kuazimwa moja zaidi. Siku hiyo darasa halitafungwa. Litakuwa huko huko, na mzazi anayetaka kumleta mwanawe amlete darajani saa kumi na mbili na nusu.